Sauti Isiyo na Jina kwenye Jalada

Mabishano ya nani ni msanii mkubwa kuliko wote huwa hayaishi, nami huyapenda na kuyashiriki kwa moyo wote, lakini kadiri miaka inavyokwenda ndivyo ninavyozidi kuona kwamba tunayaendesha kwa upungufu mmoja mkubwa. Tunayachukua majina yaliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye jalada la albamu au kwenye bango la filamu, tunayapima, tunayapanga na kuyatetea kwa jasho, halafu tunasahau kwamba kile hasa kilichotusisimua mara nyingi kilifanywa na mtu ambaye jina lake liliandikwa kwa herufi ndogo mno, au halikuandikwa kabisa. Maoni yangu, na nayasema bila kusita, ni kwamba ulimwengu wa burudani unadaiwa na watu hawa, na sehemu kubwa ya deni hilo ni majina yao.

Mfano ambao siuachi kamwe ninapoingia kwenye mjadala huu ni "Gimme Shelter" wa kundi la Rolling Stones, uliotoka mwaka 1969. Mick Jagger ndiye mwenye wimbo machoni pa watu, na anauimba vizuri, lakini waulize wapenzi wa wimbo huo ni sehemu gani inayowasisimua mwili, na wengi watakuelekeza pale sauti ya mwanamke inapopanda juu ya magitaa na kuushika wimbo wote. Mwanamke huyo ni Merry Clayton. Alipigiwa simu usiku wa manane jijini Los Angeles, akiwa mjamzito, keshapanda kitandani, nywele zake zimezungushiwa vibanio, akaambiwa kwamba kuna kundi la Waingereza linalohitaji mwitikiaji saa hiyo hiyo. Alikwenda hivyo hivyo alivyokuwa, akaimba mara chache, akarudi nyumbani. Sikiliza rekodi hiyo ukiwa umevaa spika za masikioni: kila anaporudia maneno yake anaisukuma sauti juu zaidi, hadi inapasuka, na nyuma ya mlio huo anasikika Jagger akipiga ukelele wa mshangao ambao maikrofoni iliunasa na hakuna aliyeufuta. Mtayarishaji mwenye kupenda usafi angemwomba arudie. Waliokuwa studio usiku ule walikuwa na busara ya kuuacha mpasuko ule kama ulivyo, na kwangu mimi mpasuko huo ndio wimbo wenyewe. Jalada la albamu lilimtaja, lakini lilikosea herufi na kumwita Mary.

Clayton angalau alitajwa. Miaka minne baadaye, mwanzoni mwa 1973, kundi la Pink Floyd lilikuwa linamalizia albamu yake ya "The Dark Side of the Moon" katika studio za Abbey Road mjini London, na kulikuwa na wimbo mmoja wa piano, uliotungwa na mpiga kinanda Richard Wright, ambao ulihitaji kitu ambacho hakuna aliyeweza kukieleza. Wakamwita Clare Torry, mwimbaji kijana aliyekuwa akiishi kwa kazi za kukodiwa studio. Hawakumpa maneno wala mahadhi. Alipojaribu kuingiza maneno ya kawaida ya nyimbo za mapenzi walimwambia hawataki maneno, naye akaamua kuitumia sauti yake kana kwamba ni chombo cha muziki. Alilia, akanong'ona, akapanda na kushuka, akaomboleza bila kutamka neno lolote lenye maana, na alichokitoa kikawa mojawapo ya nyakati za kukumbukwa zaidi katika historia ya muziki wa roki. Alilipwa pauni 30, malipo ya kazi ya siku ya Jumapili. Albamu hiyo iliuzwa kwa mamilioni, na kwa zaidi ya miongo mitatu wimbo huo, "The Great Gig in the Sky", uliandikwa kuwa utunzi wa Wright peke yake. Torry alifungua kesi mwaka 2004, mwaka uliofuata pande mbili zikaafikiana nje ya mahakama, na tangu hapo jina lake limeandikwa kando ya la Wright kama mtunzi.

Wapo wanaosema kwamba aliyekodiwa na kulipwa hana la kudai zaidi, kama vile fundi mwashi asivyodai sehemu ya kodi ya nyumba aliyoijenga. Hoja hiyo naiheshimu, na kwa baadhi ya kazi naikubali. Mpiga fidla aliyewekewa karatasi ya noti mbele yake, akazisoma na kuzipiga kama zilivyoandikwa, amefanya kazi ya ustadi iliyostahili malipo mazuri, na malipo hayo yakitolewa hesabu imekwisha. Lakini Torry hakuwa na karatasi. Mahadhi yote aliyoyaimba yalitoka kifuani mwake siku ile, na ukiyaondoa unabaki na piano inayosubiri mtu ambaye hakuja. Hapo ndipo mfano wa mwashi unaponishinda, kwa sababu huyu alichora na ramani ya nyumba.

Hali ya aina hiyo hiyo, kwa kiwango kikubwa zaidi, ilikuwa katika kampuni ya Motown mjini Detroit. Katika miaka ya 1960 kampuni hiyo ilitoa nyimbo zilizotikisa dunia kupitia The Supremes, The Temptations, Four Tops na wengineo, na kila mmoja wao tulimjua kwa jina na kwa sura, lakini nyuma ya karibu nyimbo zote hizo kulikuwa na kundi moja la wapigaji waliojiita The Funk Brothers. Mpiga besi wao, James Jamerson, alikuwa na kipaji ambacho hadi leo wapiga besi hukisoma kama somo la darasani. Alizidona nyuzi kwa kidole kimoja tu cha mkono wa kulia, na kwa kidole hicho alizungumza: sikiliza besi ya Motown peke yake, ukiisahau sauti ya mwimbaji, na utagundua kwamba kumbe kulikuwa na wimbo wa pili unaoimbwa chini ya ule unaoujua. Wapigaji hao hawakuandikwa kwenye majalada. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1971, albamu ya "What's Going On" ya Marvin Gaye, ndipo kampuni hiyo ilipoyaweka majina yao mbele ya wanunuzi. Jamerson alifariki mwaka 1983, na filamu ya kumbukumbu iliyowatambulisha Funk Brothers kwa dunia ilitoka mwaka 2002.

Sasa nije kwenye suala linalozusha hasira zaidi kuliko yote, yaani msanii anayefumbua mdomo huku sauti ikiwa ya mtu mwingine. Kashfa maarufu kuliko zote ni ya kundi la watu wawili, Milli Vanilli. Rob Pilatus na Fab Morvan walishinda tuzo ya Grammy ya msanii bora mpya mnamo Februari 1990, na mnamo Novemba mwaka huo huo wakanyang'anywa baada ya mtayarishaji wao, Frank Farian, kukiri kwamba hawakuimba neno hata moja katika albamu yao. Dunia iliwageukia vijana wale wawili kwa ukali ambao naona haukuwa wa haki. Walitaniwa, walidharauliwa, wakafanywa mfano wa ulaghai, na Pilatus alifariki mwaka 1998 akiwa na umri wa miaka 32. Hasira ya mashabiki naielewa, kwa maana mtu aliyenunua kaseti alikuwa na haki ya kujua anamsikiliza nani. Ninachokipinga ni mahali ilipoelekezwa. Sauti katika nyimbo zile zilikuwa za watu halisi, akina Charles Shaw, John Davis na Brad Howell, waimbaji wenye uwezo ambao walifichwa kwa sababu sura zao hazikuonekana kufaa kwa biashara. Katika kelele zote zile za kudai ukweli, ni wangapi waliojishughulisha kuyashika majina hayo matatu? Farian mwenyewe hakuanzia hapo, kwani katika kundi la Boney M, lililopendwa mno katika miaka ya 1970, sauti nzito ya kiume tunayoisikia kwenye rekodi ni ya kwake, wakati aliyeonekana jukwaani akicheza na kufumbua mdomo alikuwa Bobby Farrell. Nyimbo zile bado zinachezwa kwenye sherehe na hakuna anayekasirika.

Kwa hiyo kosa haliwezi kuwa tendo lenyewe la kuazima sauti. Ushahidi bora wa hilo uko kwenye filamu. Huko Hollywood, mwimbaji Marni Nixon alimwimbia mwigizaji Deborah Kerr, yaani aliimba badala yake, katika "The King and I" ya mwaka 1956, akamwimbia Natalie Wood katika "West Side Story" ya mwaka 1961, kisha akamwimbia Audrey Hepburn katika "My Fair Lady" ya mwaka 1964. Hizi zote ni filamu zilizohitaji sauti ya kike yenye mafunzo ya hali ya juu, na katika zote tatu jina la Nixon halikutokea kwenye skrini. Alionywa kwamba akifichua siri hiyo hatapata kazi tena mjini humo. Kwa "West Side Story" aliomba sehemu ya mapato ya albamu ya nyimbo za filamu, na aliyemwokoa ni mtunzi Leonard Bernstein, ambaye alimkatia robo ya asilimia moja kutoka kwenye mirabaha yake mwenyewe. Namheshimu Bernstein kwa mengi, lakini kwa tendo hilo namheshimu zaidi, kwa sababu hakuna mkataba uliomlazimisha. Namheshimu Kerr pia, kwani yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia mwandishi wa habari kwamba alisaidiwa, wakati ambapo kunyamaza kungemfaidi zaidi.

Linganisha na yaliyotokea India. Mwaka 1949 ilitoka filamu ya "Mahal", na ndani yake ulikuwamo wimbo wa "Aayega Aanewala", ambao mwigizaji Madhubala anaonekana akiuimba kama roho inayozunguka katika jumba la kale. Rekodi za mwanzo za wimbo huo ziliandikwa jina la Kamini, ambaye ni mhusika wa hadithi, kana kwamba mhusika anaweza kuingia studio. Wasikilizaji hawakukubali kuachiwa hapo. Waliiandikia redio wakitaka kujua ni nani hasa anayeimba, na jibu lilipotangazwa, nchi nzima ikamjua Lata Mangeshkar. Tangu kizazi hicho waimbaji wa filamu za Kihindi wakawa nyota kwa haki yao. Lata, dada yake Asha Bhosle, Mohammed Rafi na Kishore Kumar walipendwa sawa na waigizaji waliowaazima sauti, na pengine zaidi, maana mwigizaji huzeeka na kuachwa lakini sauti ya Lata, aliyefariki mwaka 2022, iliendelea kutoka kwenye midomo ya wasichana wa kizazi baada ya kizazi. Mtazamaji alijua wazi kwamba Madhubala haimbi, na kujua huko hakukumpunguzia raha hata kidogo. Alipata wasanii wawili wa kuwapenda badala ya mmoja. Ndiyo maana nasema kwamba Milli Vanilli na "Mahal" ni tendo moja, na kilichozitofautisha ni kutajwa na kufichwa.

Darlene Love aliyaonja machungu ya kufichwa namna nyingine. Mwaka 1962 aliimba "He's a Rebel", ukapanda hadi nafasi ya kwanza nchini Marekani, lakini mtayarishaji Phil Spector aliutoa kwa jina la kundi la The Crystals, ambao siku ile hawakuwamo hata studio. Miaka ilipita, kazi zikakauka, akafika mahali pa kusafisha nyumba za watu ili apate riziki. Akiwa anasugua bafu la tajiri mmoja alisikia redio ikicheza wimbo wake mwenyewe wa Krismasi, na hapo akaamua kurudi kwenye muziki. Alirudi kweli, na mwaka 2011 aliingizwa katika ukumbi wa heshima wa roki nchini Marekani.

Katika wapigaji, waliotendewa vibaya zaidi kwa maoni yangu ni wapiga dramu, kwa sababu sheria yenyewe haikuwahi kuwatazama. Hakimiliki ya utunzi hulinda mahadhi na maneno. Mdundo, hata uwe wa kipekee namna gani, kwa kawaida huhesabiwa kuwa sehemu ya upigaji, na mpigaji alishalipwa ujira wake wa siku. Clyde Stubblefield alipiga dramu katika "Funky Drummer" ya James Brown, iliyotoka mwaka 1970, na katikati ya wimbo huo Brown anawanyamazisha wenzake wote na kumwachia yeye peke yake kwa sekunde kama 20. Mkono wa kulia haukatizi, wa kushoto unaweka vidokezo vidogo vidogo ambavyo ni vigumu kuvisikia kimoja kimoja lakini ukiviondoa mdundo unakufa. Walipokuja watayarishaji wa hip hop na mashine za kukata vipande vya sauti, sekunde hizo zilirudi katika nyimbo zaidi ya elfu moja, zikiwamo za Public Enemy, LL Cool J na George Michael. Kama kipande kililipiwa, aliyelipwa ni mwenye wimbo na mwenye rekodi. Stubblefield alifariki mwaka 2017 akiwa amesikika na karibu kila mtu anayesikiliza muziki wa kisasa.

Gregory Coleman hata hakupata faraja ya kujulikana na wapenzi wa muziki kama Stubblefield. Alikuwa mpiga dramu wa kundi la The Winstons, na mwaka 1969, katika wimbo uliowekwa upande wa pili wa sahani yao, alipiga peke yake kwa sekunde kama saba. Sekunde hizo, zilizokatwa, kuharakishwa na kupangwa upya, ndizo zilizojenga mitindo mizima ya muziki wa dansi wa kielektroniki, jungle na drum and bass, nchini Uingereza. Coleman alifariki mwaka 2006 mjini Atlanta akiwa fukara asiye na makazi. Mwenzake Richard Spencer, kiongozi wa kundi hilo, alichangiwa na mashabiki mwaka 2015 na kukabidhiwa pauni 24,000, fedha zilizotoka mifukoni mwa wasikilizaji wa kawaida, kwa hiari yao. Siwezi kuufikiria muziki huo wa dansi wa miaka ya 1990 bila Coleman, na naona aibu kwa niaba ya tasnia nzima kwamba waliolipa ni wale ambao hawakuwa wakidaiwa.

Kuna aliyechagua mwenyewe kufichwa, na ni haki nimtaje, kwa sababu anaikamilisha picha. Mwigizaji James Earl Jones alimpa mhusika mwovu Darth Vader sauti yake katika filamu ya kwanza ya "Star Wars" mwaka 1977, huku David Prowse akiwa ndani ya vazi jeusi, na Jones aliomba asiandikwe, akiamini kwamba mchango wake ulikuwa sawa na mlio mwingine wowote uliotengenezwa na mafundi. Uamuzi huo ulikuwa wake, na hakuna wa kumlaumu. Mwaka 2022, akiwa na umri wa miaka 91, aliridhia sauti hiyo iendelezwe kwa kompyuta, na hapo napo aliulizwa kwanza. Leo mashine zinaweza kujifunza sauti ya mwitikiaji yeyote kutoka kwenye rekodi za zamani bila kumpigia simu usiku wala mchana, na tofauti kati ya Jones na waimbaji wote niliowataja ni kwamba yeye alikuwa na umaarufu wa kutosha kuulizwa.

Wanaoendesha majukwaa ya mtandaoni wana uwezo wa kurekebisha sehemu ya jambo hili kesho asubuhi. Enzi za sahani na kanda, mtu alikaa na jalada mkononi akisoma nani kapiga gitaa na nani kaitikia wakati muziki unaendelea. Muziki ulipohamia kwenye simu majina hayo yalitoweka kabisa, na ilikuwa mwaka 2018 ndipo Spotify ilipoanza kuonyesha watunzi na watayarishaji, tena kwa anayejua mahali pa kubonyeza. Kwenye filamu hali ni mbaya zaidi, maana orodha ya majina inaanza tu kupanda na tayari skrini imeisukuma pembeni, ikiwa ndogo kama stempu, na sekunde zinahesabiwa kuelekea kipindi kinachofuata. Sioni sababu yoyote ya kiufundi inayozuia majina hayo kuwekwa mbele yetu, kila jina likiunganishwa na kazi nyingine za mwenyewe, ili anayependa besi fulani aweze kuufuata mkono ulioipiga.

Habari njema zipo, na iliyonifurahisha zaidi inawahusu wale wanaoanguka, kuungua na kugongwa badala ya stelingi. Zoë Bell aliruka na kupigana kwa niaba ya Lucy Lawless katika tamthilia ya "Xena", kisha kwa niaba ya Uma Thurman katika filamu ya "Kill Bill", akiwa amewapa mgongo watazamaji miaka yote hiyo kwa sababu uso wake haukutakiwa kuonekana. Mwaka 2007 mwongozaji Quentin Tarantino alimpa nafasi ya kuigiza kwa jina lake mwenyewe katika "Death Proof", na anapokuwa amelala juu ya boneti ya gari linalokwenda kasi, kamera inamtazama usoni bila kukwepa. Sasa waandaaji wa Oscar wametangaza tuzo ya ubunifu wa matukio ya hatari, itakayohusu filamu zinazotoka kuanzia mwaka 2027 na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2028, katika sherehe ya 100. Watu wa kazi hiyo waliipigania kwa miongo mingi. Ninachoomba ni kwamba atakapopanda jukwaani mshindi wa kwanza, aachiwe muda wa kuwataja wenzake wote kwa majina, na okestra isianze kupiga kabla hajamaliza.